Viganja vya Marehemu

Pazia lilikuwa limening'inizwa kwa utepe wa shuka iliyochanwa, nalo lilikuwa limelegea katikati kama tumbo la mbuzi aliyetoka kuzaa. Sajenti Amony alilitazama kitambo, kisha akavuta kigoda, akakusanya sketi yake, akapanda.

"Afande, unatafuta nini huko juu?" Rafiq aliuliza akiwa amesimama mlangoni. "Ndugu yangu alifia hapo chini, kwenye sakafu."

"Nashangaa tu. Makochi mapya, televisheni ukutani, halafu pazia linafungwa kwa kitambaa?"

"Lilikuwa hivyo siku zote."

Amony alipapasa ukuta. Kila upande wa ukuta kulikuwa na kulabu ndogo ya chuma. Ya kushoto ilikuwa imekaa vizuri. Ya kulia ilikuwa imeng'olewa nusu, na plasta iliyoizunguka ilikuwa imemeguka, mchanga wake bado mweupe, haujapata moshi wa jikoni.

Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, upande wa chini wa kilima cha Kibuli, Kampala, na pazia hilo ndilo lililotenganisha kitanda na sebule. Humo ndimo Mubaraka, muuza vipuri vya magari, alimochomwa kisu na mkewe Farhana wiki iliyopita, mchana kweupe. Farhana hakukana. Tangu siku ya kwanza alikuwa na maelezo yale yale: alikuwa ametoka kusali, hijabu nzito ya sala bado iko mwilini, amekaa chini anamenya matoke. Alimwambia mumewe kwamba amechoka, anarudi kwao Jinja. Mume akapita nyuma yake, akang'oa waya wa pazia, akamnyonga nao. Kisu kilikuwa tayari mkononi.

Kama alisema kweli, alijilinda, na sheria ilikuwa upande wake. Kama alisema uongo, ilikuwa kuua kwa kukusudia. Na huo waya hakuna askari aliyeuona.

Amony alilivua pazia, akaugeuza upindo wake nje ndani na kuusogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya upindo kulikuwa na alama za kutu, viduara vidogo vimefuatana kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Rafiq, njoo uone. Hii ni nini?"

"Uchafu."

"Ni kutu. Kitambaa hakipati kutu. Humu mlikuwa na waya, ule wa springi, plastiki yake ikiwa imebanduka."

Rafiq alijifuta jasho kwa kofia yake. Alikuwa mdogo wa marehemu, na ndiye aliyesukuma kesi kutoka asubuhi mpaka jioni, leo kituoni, kesho kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Mama ndiye aliyelifunga," alisema mwishowe. "Watu walikuwa wanakuja matangani. Wanaume huku, wanawake kule. Wangekaaje bila pazia? Tulilikuta chini, tukalirudisha."

"Na waya?"

"Afande, kulikuwa na damu! Kila chenye damu tulikitia gunia, lori la takataka likabeba. Wewe ndugu yako amelala hapo, ungeacha wageni waikanyage damu yake?"

Amony alikunja pazia, akalitia kwenye mfuko wa ushahidi. Hata yeye angepiga deki.

Nje, jirani aitwaye Shakirah alikuwa amechutama kwenye beseni la nguo, masikio yote yako mlangoni.

"Mimi nilishasema kwa polisi, Afande. Mimi sikusikia Farhana kupiga kelele. Hata kidogo! Mtu anauawa, anakaa kimya? Aa-a. Mimi mume wangu akinigusa na kidole, mpaka Nsambya wanajua."

"Ulisikia nini, basi?"

"Vitu kuanguka. Halafu miguu. Miguu inapiga ukuta, tu-tu-tu, kama mtoto anakataa kuoga. Mimi nikadhani wanatundika picha."

"Simama, Shakirah. Futa mikono. Sasa jishike koo. Kaza. Kaza zaidi. Haya, niite jina langu kwa nguvu."

Shakirah alicheka, akakaza, akafungua mdomo. Kicheko kikamtoka usoni. Alishusha mikono taratibu, povu la sabuni limembaki shingoni.

"Bambi," alisema. "Maskini ya Mungu. Na mimi nilisema kwa polisi kwamba alinyamaza kwa sababu ya roho mbaya."

"Utabadilisha maelezo yako?"

Shakirah alitupa jicho kwa Rafiq, ambaye alikuwa bado mlangoni. Nyumba aliyopanga ilikuwa ya akina Rafiq.

"Acha nimalize kwanza kufua, Afande," alisema.

*

Mkuu wa upelelezi kituoni, Ocaya, alikuwa na mafaili mawili mezani. La kwanza lilikuwa la Farhana. La pili lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa kilima cha pili, aliyempiga risasi kijana aliyekuwa juu ya ukuta wa nyumba yake. Hilo la pili lilikuwa limeshagongwa muhuri wa kufungwa.

"Risasi iliingilia mgongoni, Afande," Amony alisema. "Kijana alikuwa anatoka, si anaingia."

"Bwana yule aliogopa. Sheria inamruhusu mtu kuogopa."

"Na Farhana?"

"Amony, usianze. Yule alikuwa nyumbani kwake."

"Farhana alikuwa wapi?"

"Nyumbani kwa mume wake," Ocaya alisema, na hapo hapo akainamisha uso kwenye chai yake, maana hata yeye aliisikia kauli hiyo ilivyotoka.

Amony alisimama, akamgeuzia mgongo na kushika kalamu kwa mkono wa kulia.

"Simama nyuma yangu, Afande. Karibu, usione haya, mlango uko wazi. Ninyonge. Sasa mimi narusha mkono nyuma bila kuona. Kalamu imekugusa wapi?"

"Ubavuni. Kulia."

"Daktari aliandika ubavuni kulia. Ningekuja mbele yako kwa hasira, na mimi natumia mkono wa kulia kama Farhana, ningekupiga kushoto."

Ocaya alirudi kitini. Hakuwa mtu mbaya. Alibakiza muda mfupi astaafu, arudi Gulu akafuge.

"Hiyo ni kalamu," alisema. "Mwanasheria wa serikali atasema mtu alikuwa amelala, akachomwa popote. Daktari mwenyewe aliona nini? Askari wetu walipofika, mwili ulikuwa umeshaoshwa na kuvishwa sanda. Wazee wakaomba, daktari akafunguliwa sanda pale penye jeraha tu. Shingo ya mwanamke ilitazamwa siku kadhaa baadaye, na hijabu ilikuwa imezuia, hakuna alama ya maana. Niletee kitu kinachoshikika. La sivyo Ijumaa anakwenda mahakamani, na shtaka ni kuua."

"Waya wa springi ukiuvuta kwa nguvu za kumnyonga mtu, unabaki wapi alama yake?"

Ocaya alifikiri, akafungua viganja vyake, akavitazama.

"Viganja hivyo vimezikwa," alisema.

"Lakini kuna mtu aliyevisugua."

*

Mzee Siraje alikuwa nyuma ya msikiti mdogo wa mtaani, anaanika juani ubao wa kuoshea maiti. Ukoo wake ulifika Kampala zamani na misafara ya biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kama kimepigwa pasi. Cha Amony kilikuwa cha kambi ya polisi alikokulia, cha amri na matusi ya kijeshi. Kila akizungumza na mzee huyo alijikuta anapunguza sauti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu, keti. Ila si hapo. Hapo ni pa wageni wangu."

Amony aliuondokea ubao haraka, mzee akacheka bila meno.

"Nani alimwosha Mubaraka?"

"Mimi. Rafiq alinimiminia maji."

"Nataka uniambie uliona nini viganjani mwake."

Kicheko kilikatika. Mzee alichukua kitambaa, akaanza kufuta ubao ambao ulikuwa umeshakauka.

"Wewe ni Mkatoliki, si kosa lako," alisema. "Anayelazwa hapa ni amana. Nikiona uzuri, nautangaza. Nikiona aibu, naizika kabla yake. Nimeosha walevi, nimeosha wezi, nimeosha mtu mmoja mkubwa sana ambaye mwili wake ulikuwa na maajabu. Umewahi kusikia nikisimulia?"

"Farhana anaweza kufungwa maisha."

"Yeye ana mdomo. Ajisemee."

"Amesema. Hakuna anayemsikia."

"Na huyu hana mdomo kabisa. Mimi ndiye nimvue tena nguo mbele ya mahakimu, baada ya kumvisha kwa mikono hii?"

"Mzee, sikuulizi kama alikuwa mtu mbaya. Nauliza viganja tu."

"Viganja ni vyake."

Bodaboda ilipanda kilima ikikoroma, na kutoka madrasa sauti za watoto zilikuwa zinasoma kwa pamoja. Amony alifunga begi lake.

"Basi niandike kwamba hukuona kitu?"

"Usiandike hivyo," Mzee Siraje alisema haraka, na akajua kwamba ameshasema. Alikikunja kile kitambaa mara mbili, mara nne. "Nisingeona kitu, ningekwambia sikuona, tukanywa chai. Niache kwanza. Kuna mtu nataka kumwuliza."

Asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye benchi la kituoni, kanzu imenyooka. Sheikh wake alikuwa amemjibu kwamba siri aliyopewa ni ya aibu ya maiti, si ya damu ya mtu aliye hai. Akaketi mbele ya Amony, akasema yote kwa mfululizo kama mtu anayemeza dawa chungu. Viganja vyote viwili vilikuwa na mstari mweusi ulioingia ndani ya nyama, wenye mikunjo ya mzunguko kama parafujo. Cha kushoto kilikuwa na mistari miwili, kama kitu kilichozungushwa mkononi ili kisiteleze.

"Rafiq aliona?"

"Rafiq alikuwa analia. Nusu ya maji alinimwagia mimi."

"Na wewe ulifikiri nini?"

"Kwanza nilifikiri marehemu alivuta kitu kizito. Kisha nikaacha kufikiri. Nikamfunga mikono, nikamwombea." Mzee alishika kalamu ili atie sahihi, akasita. "Binti yangu, hii karatasi itamtoa?"

"Itasaidia sana," Amony alisema, na siku hiyo aliliamini hilo.

*

Mwanasheria wa serikali, bibi mmoja aitwaye Erinayo, alisoma maelezo ya Siraje mara mbili. Alisoma pia habari ya kutu, ya kulabu, ya miguu iliyopiga ukuta, ambayo Shakirah alikuwa amekataa kuitilia sahihi. Kisha akavua miwani.

"Umefanya kazi, Sajenti. Watu wengi wangeniletea kisu tu."

"Kwa hiyo atatoka, mheshimiwa?"

"Nani amesema? Waya hakuna. Mzee wako ana mtoto wa jicho."

"La kulia tu. Na sauti ya Farhana inakwaruza mpaka leo."

"Labda amelia. Na mlango ulikuwa wazi, kwa nini hakukimbia?"

"Alikuwa amefungwa shingo, angekimbilia wapi?"

"Mimi nakuuliza atakavyoulizwa na jaji. Sheria ya kujilinda inamlinda mtu yeyote, lakini lazima aonyeshe hatari yenyewe. Yule bwana wa bunduki alikuwa na ukuta, na mtu juu ya ukuta, na kamera getini. Huyu ana nini? Neno la mzee aliyekiri kwamba alificha." Erinayo aliirudisha miwani, akalainisha sauti. "Kuna njia moja. Kaburi lifunguliwe, daktari aone viganja. Pengine bado kuna kitu, ingawa kila siku udongo unafuta."

"Basi omba amri ya hakimu."

"Mimi? Niifukue maiti ya Mwislamu, Kibuli ile, kwa faida ya mshtakiwa? Wakubwa wangu watanila mbichi. Mwenye kuomba ni yeye mwenyewe, kama mjane. Akiomba, sitapinga. Hilo ndilo ninaloweza kukupa."

Amony alitoka pale na fomu ya maombi mkononi. Kwa jinsi alivyoyaona mambo, ilibaki sahihi moja tu.

*

Farhana alikuwa kwenye chumba kidogo cha mahojiano, amevaa nguo nyeupe ya eda aliyoletewa na mama mkwe wake. Alikuwa msichana mwembamba ambaye, akisikiliza, huinamisha kichwa upande mmoja. Amony alimweleza kila kitu: pazia, Mzee Siraje, viganja. Aliposikia habari ya mikunjo kama parafujo, Farhana alifumba macho.

"Kwa hiyo kuna mtu anajua," alisema. "Sikuota."

"Hukuota. Tia sahihi hapa, tuwaonyeshe na wengine."

Farhana alisoma polepole, kidole chini ya mistari. Alipofika katikati, kidole kilisimama.

"Kumfukua?"

"Kwa muda mfupi tu. Daktari, sheikh akiwepo. Kisha anarudishwa kwa heshima zote."

"Afande, leo umemwona Shamsia wangu pale kaunta?"

Amony alikuwa amemwona: mtoto wa miaka mitatu, gauni la manjano, amebebwa na mama yake Mubaraka.

"Bibi yake amemsuka nywele," Farhana alisema. "Mistari midogo midogo, kama mimi ninavyomsuka. Mama yule amempoteza mtoto kwa mkono wangu, na bado anamsuka mtoto wangu, anamleta, anasimama kule mbali ili tusionane macho. Kila siku Rafiq anamwambia asije. Yeye anakuja. Sasa nimwambie namfukua mwanawe?"

"Unaweza kumweleza. Ni mama, ataelewa."

"Atamleta tena?"

Amony alifungua mdomo, akakumbuka mlango ule, Rafiq na kofia yake.

"Kama ukitoka, utamchukua mwenyewe. Sheria itakupa mtoto."

"Hiyo sheria," Farhana alisema, bila kejeli, kama anayeuliza njia, "una uhakika gani itanitoa? Niambie kweli. Wewe una watoto?"

"Wawili."

"Basi niambie kama mama mwenzangu."

Palikuwa na mengi ya kusema. Amony angeweza kusema habari ya kalamu na ubavu, ya kutu, ya mzee mwaminifu. Angeweza pia kusema habari ya udongo unaofuta, ya jicho la mzee, ya Shakirah na nyumba yake ya kupanga.

"Nusu kwa nusu," alisema. "Pengine chini ya nusu."

Farhana aliinamisha kichwa upande, akafikiri kama anayepima kitambaa cha kutosha gauni. Kisha akairudisha fomu juu ya meza, akainyoosha vizuri isijikunje.

"Mwacheni alale," alisema. "Shamsia wangu abaki na watu wa kumsuka."

"Farhana, watakushtaki kwa kuua!"

"Najua, Afande. Lakini siku ya mahakama nitasema mwenyewe. Mbele ya hakimu, wote wakisikia, na mama mkwe akisikia. Nitasema alivyofanya, bila kumfukua. Hiyo naruhusiwa, si ndiyo?"

Amony alikuwa na miaka mingi kazini na alijua utaratibu. Alikusanya karatasi zake moja moja, akamwambia apumzike, chakula kinakuja.

Ijumaa chumba cha mahakama kilijaa. Rafiq alikaa mbele na wanaume wa ukoo. Mama yake alikaa nyuma na wanawake, peke yake kwenye kona ya benchi. Mzee Siraje alikuwa amekuja bila kuitwa, kanzu ile ile, tayari kusimama kama angeulizwa. Farhana alipandishwa kizimbani. Karani akasoma shtaka: kwamba alimuua Mubaraka, mumewe, kwa kukusudia. Mkalimani akarudia kwa Kiganda, neno kwa neno.

Farhana alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Akamtafuta mama mkwe wake kwa macho mpaka akampata, akavuta pumzi.

"Mshtakiwa, usijibu," hakimu alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye faili. "Kosa hili husikilizwa na Mahakama Kuu. Mimi sina mamlaka ya kupokea jibu lako. Utakaa rumande katika gereza la Luzira mpaka tarehe itakapopangwa."

"Mheshimiwa, mimi ni—"

"Mwambieni asijibu."

Mkalimani alimwambia. Askari wa magereza alimgusa kiwiko, na karani, ambaye alikuwa na kesi nyingi asubuhi hiyo, alikuwa ameshaanza kuita jina la mtu mwingine.